Dhahabu ya Migori na Chemchemi za Homa

Leo nataka tushuke chini ya Migori na Homa Bay, tuyafuate maji mahali ambapo macho hayafiki. Nitaanza na dhahabu, maana najua nikianza na mawe matupu nusu yenu mtabadilisha stesheni.

Dhahabu ya Nyatike ililetwa na maji. Mtu akikwambia ilitapikwa na volkano, ujue amepata robo ya habari. Volkano zilikuwapo, tena nyingine zilikuwa chini ya bahari. Lakini kilichoizoa dhahabu iliyotawanyika katika mawe mengi na kuikusanya mahali pamoja ni maji ya moto yaliyopanda kupitia mipasuko ya miamba, kilomita nyingi chini ya ardhi. Na mipasuko hiyo ilikuwa ikifunguliwa na matetemeko. Kijana anayeshika mtaimbo leo kule Osiri, Mikei au Masara anachimbua njia ambazo maji yalipita, kisha yakaziziba kwa madini yake yenyewe.

Yalipita lini? Miamba ya Migori ina umri wa miaka takriban bilioni 2.7. Wakati huo hapakuwa na samaki wala jani. Uhai wote ulikuwa wa vijidudu visivyoonekana kwa macho. Wanajiolojia huita miamba ya aina hiyo ukanda wa mawe ya kijani, kwa sababu ya rangi ambayo zaha ya kale huipata ikishabanwa na kupashwa moto chini ya ardhi. Mikanda hiyo haitambui kituo cha forodha cha Isebania. Ukivuka upande wa Sirari utaikuta tena Tarime, kule Nyamongo kwenye mgodi wa North Mara uliofunguliwa mwaka 2002, na ukizidi kwenda hadi kusini mwa Ziwa Victoria utakuta ndugu zake Geita na Bulyanhulu. Upande wetu kulikuwa na Macalder, mgodi wa shaba na dhahabu uliofungwa mwaka 1966, ukaacha jina, mashimo, na mchanga wa mabaki ambao watu wameurudia kwa karai mpaka leo. Hata Macalder ni kazi ya maji. Shaba na zinki yake zilitemwa na chemchemi za moto kwenye sakafu ya bahari iliyokuwa hapo. Naam, bahari, Nyatike.

Sasa tuliangalie jiwe lenyewe. Karibu na kila mashine ya kusagia kuna rundo la mawe meupe ya kwatsi yanayongoja zamu yake. Okota moja, limwagie maji, ligeuze juani. Utaona kwamba halikuwa jeupe lote. Lina mistari myembamba ya kijivu au myeusi, inayokwenda sambamba na ukingo wa mwamba lilikotoka: weupe, mstari, weupe, mstari, pengine mara ishirini katika upana wa kiganja. Mistari ile ya giza ni vipande vya ukuta wa mwamba vilivyobanduka. Weupe uliopo katikati ni madini yaliyoachwa na maji. Mwaka 1980 mwanajiolojia Mwingereza John Ramsay alieleza namna mawe ya mistari hiyo yanavyotokea: mwamba hupasuka, maji huingia, maji huacha kwatsi, ufa huziba. Kisha hupasuka tena palepale, au kando yake kidogo tu. Kila mstari ni mara moja ambayo ardhi ilifunguka. Wachimbaji wengi wanajua kwa uzoefu kwamba jiwe lenye mistari lina nafuu kuliko jiwe jeupe tupu, na sababu ndiyo hiyo: maji yalipita hapo mara nyingi.

Swali ni kwa nini mwamba upasuke tena baada ya kuzibwa, na kwa nini maji yawe na nguvu ya kuufungua. Tupige hesabu. Kilomita 10 chini ya Migori, kila mita moja ya mraba inabeba takriban tani 27,000 za mawe yaliyo juu yake. Kuta mbili za ufa zikibanwa kwa uzito huo, msuguano wake ni mkubwa mno. Hazitelezi kwa urahisi. Lakini tuseme kuna maji yaliyonaswa katikati yake, hayana pa kutokea, na shinikizo lake linazidi kupanda. Hapo maji yanaanza kubeba sehemu ya uzito ule. Fundi wa magari pale Awendo anaijua kazi hii vizuri, maana jeki yake inainua lori kwa mafuta machache yaliyofungiwa ndani ya silinda. Maji yakishabeba uzito wa kutosha, kuta hazibanani tena kama kwanza, na ule mkazo wa ardhi uliokuwa ukingoja kwa miaka mamia unapata nafasi yake. Mwamba unateleza. Juu tunasikia tetemeko.

Wazo hilo liliandikwa kwa hesabu kamili mwaka 1959 na Wamarekani wawili, King Hubbert na William Rubey. Wao hawakuwa wakitafuta dhahabu. Walikuwa wanashangaa jinsi mabamba makubwa ya mawe yalivyoweza kusukumwa makumi ya kilomita milimani bila kusagika, nao wakaona kwamba bila maji yenye shinikizo chini yake jambo hilo haliwezekani.

Aliyeiunganisha habari hii na dhahabu ni Richard Sibson wa New Zealand. Mwaka 1988 yeye na wenzake wawili waliandika juu ya migodi ya dhahabu ya Kanada, kwenye miamba yenye umri wa kukaribiana na wa Migori. Kitu kimoja kiliwasumbua. Mipasuko iliyokuwa na dhahabu ilisimama wima sana. Kwa namna ardhi ilivyokuwa ikibanwa, mipasuko iliyosimama hivyo haikupaswa kuteleza kabisa. Mwamba ungepata nafuu kupasuka upya mahali pengine kuliko kuihangaisha ile ya zamani. Jibu lao ni kwamba shinikizo la maji chini ya mpasuko lilipanda hadi likaupita hata uzito wa mawe yaliyo juu. Hapo tu ndipo mpasuko uliokaa vibaya uliweza kuteleza. Ulipoteleza ulifunguka, maji yakafyatuka kwenda juu, shinikizo likashuka, madini yakaganda, njia ikaziba. Chini maji yakaanza kukusanyika tena. Sibson aliulinganisha mpasuko na vali, inayofunguka kwa tetemeko na kufungwa na kwatsi. Mzunguko mmoja unaweza kuchukua miaka mamia au maelfu, na ukirudiwa mara nyingi ndipo unapatikana mwamba unaostahili kuchimbwa.

Maji hayo hayakuwa ya kunywa, msije mkadhani. Yalikuwa na joto la nyuzi 250 hadi 400, yamechanganyika na hewa ya ukaa na salfa, na salfa hiyo ndiyo iliyoibeba dhahabu. Dhahabu peke yake haiyeyuki katika maji, inahitaji mchukuzi. Tena inayobebwa ni kidogo ajabu. Tuchukulie maji yalibeba miligramu 10 za dhahabu katika kila tani. Ili kuacha gramu moja, hata kama yangeiacha yote, zingehitajika tani 100 za maji, yaani lita laki moja. Hayo ni malori kumi ya maji ya lita elfu kumi kila moja, kwa gramu moja ambayo mtu anaifunga kwenye karatasi na kwenda kuiuza dukani. Nikiiangalia bei wanayopunjwa wachimbaji wadogo, huwa nafikiria malori yale kumi.

Kwa nini iachwe mahali fulani, isiachwe kwingine? Mwaka 2013 Dion Weatherley na Richard Henley, watafiti wa Australia, walipiga hesabu ya kinachotokea ndani ya ufa unapofunguka ghafla. Nafasi inatanuka haraka kuliko maji yanavyoweza kuijaza, shinikizo linaanguka, na maji yanageuka mvuke kwa mara moja. Vilivyokuwa vimeyeyuka ndani yake havina pa kushika. Vinaganda ukutani katika sehemu ya sekunde. Hata tetemeko dogo ambalo hakuna mtu angelisikia linaacha chembe zake. Lingine kubwa haliachi dhahabu nyingi kwa mkupuo. Wingi unatokana na kurudiwa.

Mwaka 2024 wenzao wa Chuo Kikuu cha Monash, hukohuko Australia, wakaongeza jambo ambalo mimi lilinifurahisha sana. Kwatsi ikibanwa au kutikiswa hutoa umeme kidogo. Ndiyo sababu inatiwa ndani ya saa za mkononi. Watafiti hao waliweka vipande vya kwatsi katika maji yenye dhahabu iliyoyeyushwa, wakavitikisa kwa kadiri ya mitikisiko ya ardhi, na dhahabu ikagandamana juu ya kwatsi, hasa pale palipokuwa na chembe ya dhahabu tayari. Aliyenacho huongezewa, hata chini ya ardhi.

Sasa, mtu akisikia mpasuko wa tetemeko hufikiria mstari mmoja uliokatwa safi. Ukiushuka ndani ya shimo utakuta mambo mengine. Katikati kuna unga, mwamba uliosagwa na kuteleza kwa mara nyingi mpaka ukawa laini, mara nyingi umegeuka udongo wa mfinyanzi. Udongo huo hauruhusu maji kupenya kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Lakini pande zote mbili za unga ule, kwa mita kadhaa na pengine mamia ya mita, mwamba umejaa nyufa ndogondogo zisizohesabika, na humo maji hupita kwa urahisi kuliko kwenye mwamba mzima mara elfu, na pengine mara milioni. Kwa hiyo mpasuko mmoja ni ukuta na ni mfereji kwa wakati mmoja. Unaozuia maji kuvuka ndio huohuo unaoyapandisha.

Mchimbaji anaishi katikati ya kitu hicho. Mwamba anaoufuata umelala kandokando ya unga, mahali ambapo jiwe ni bovu kuliko mahali pengine popote kwenye kilima. Mvua za masika zikija, maji yanazifuata nyufa zilezile, yanaulowesha unga, na unga uliolowa unateleza. Ndiyo maana shimo lililosimama imara kiangazi kizima huporomoka mwezi wa nne au wa tano, siku ambayo juu kumeshakauka na jua linawaka. Pampu inaweza kuwa imeyatoa maji yote yanayoonekana sakafuni, na bado yaliyo ndani ya ukuta yakawa yanasukuma. Nasema haya kwa sababu baada ya kila msiba wa namna hiyo husikia watu wakitaja ushirikina, au uzembe wa marehemu. Nguzo za miti zipungue umbali, na ukuta unaotoa jasho uachwe upumue kwa siku kadhaa kabla mtu hajarudi chini. Mchimbaji mzoefu akiugonga ukuta wa namna hiyo kwa nyundo, sauti yake hubadilika ikawa nzito; wenye kusikia huacha zana na kupanda.

Kuna jambo jingine la mashimoni. Mtu anafuata mwamba mwezi mzima, ghafla mbele yake kuna jiwe jingine kabisa, kwatsi imetoweka. Vijana huja juu na habari: mwamba umekatika. Mzee wa shimo hujibu, “Haujakatika, omera, umehamishwa. Tazama ukuta umekwaruzwa kuelekea wapi.” Naye anasema kweli. Mpasuko wa baadaye umepita na kuusogeza, na mikwaruzo iliyoachwa kwenye uso laini wa mwamba inaonyesha uliteleza kwenda upande gani. Mzee yule anaisoma mikwaruzo kama wanavyoisoma wanafunzi wa jiolojia wa chuo kikuu, ila yeye hana cheti.

Tuondoke Migori, tupande barabara ya Rongo hadi Homa Bay. Hapa hadithi ni ileile, ila maji bado yako moto.

Bonde la Ufa lina tawi linalotoka upande wa Nakuru na Londiani, likishuka magharibi hadi Ghuba ya Winam. Tawi hilo huitwa ufa wa Nyanza. Upande wa kusini limepakana na miinuko mikali ya Kendu na Kaniamwia. Aliyewahi kusimama Mbuga ya Ruma, katika Bonde la Lambwe, ameiona Kaniamwia: ukuta mrefu ulionyooka kupita kawaida ya milima. Ulinyooka hivyo kwa sababu ni uso wa mpasuko. Upande mmoja ulishuka, mwingine ukabaki juu. Wageni huenda Ruma kumtazama korongo, yule swala adimu asiyepatikana tena kwingine nchini Kenya, na mgongo wao wameugeuzia kilichotengeneza bonde zima.

Kaskazini kuna Mlima Homa, wenye kimo cha mita 1,751. Ni volkano ya aina adimu, kwa sababu sehemu kubwa ya uji wake wa moto ilikuwa ya kabonati, jamaa ya chokaa, na ulibeba hewa ya ukaa kwa wingi. Mlima umenyamaza zamani. Lakini kwenye miguu yake, sehemu za Bala na Abundu, maji ya moto yanatoka ardhini hadi leo, yakiacha ukoko mweupe wa chumvi na magadi ambao ng'ombe huufuata kuulamba. Mvua inayonyesha milimani huzama kupitia nyufa, inashuka mpaka kwenye mawe yenye joto, inajipakia madini, kisha inapanda kupitia mpasuko mwingine. Ule ukoko mweupe ni mwanzo wa kuziba. Ukiziba kabisa, chemchemi hufa au huhamia hatua chache kando, na wazee wa Homa Hills wanaweza kukuonyesha mahali palipokuwa na maji ya moto ambapo sasa pamekauka.

Karibu na Kendu Bay kuna Simbi Nyaima. Mnaijua hadithi: kikongwe alikuja kwenye sherehe ya kijiji, akafukuzwa, akapokewa na mwanamke mmoja tu, na usiku maji yakakimeza kijiji chote. Wanajiolojia wanasema ziwa lile limekaa ndani ya shimo la mlipuko. Kitu cha moto kilipanda kutoka chini, kikakutana na maji yaliyokuwa ndani ya miamba, maji yakageuka mvuke kwa ghafla, ardhi ikarushwa. Hakuna mto unaoingia Simbi wala unaotoka. Maji yake ni ya magadi, na kina chake kinapita mita 20 ingawa ufuo wa ziwa kubwa uko karibu. Wazee walimlaumu mwanakijiji mchoyo na wanajiolojia wanalaumu mvuke. Wote wamekubaliana kwamba maji ndiyo yaliyofanya kazi.

Hewa nayo hupita njia hizohizo. Mwaka 2016 kundi la watafiti likiongozwa na Hyunwoo Lee lilichapisha vipimo vya hewa ya ukaa inayotoka ardhini kwenye bonde la Magadi na Natron, mpakani mwa Kenya na Tanzania. Walitembea na vifaa vyao mbali na volkano yoyote, wakafuata mipasuko peke yake, na wakakadiria kwamba bonde lile hutoa takriban tani milioni 4 za hewa hiyo kila mwaka. Katika eneo hilo matetemeko madogo hutokea ndani sana, kina ambacho mwamba wa kawaida ungekuwa umelainika kwa joto usiweze kuvunjika. Maelezo yao ni kwamba hewa na maji yenye shinikizo yanaufungua kutoka chini. Ndugu zetu wa Goma wanaijua hewa hii kwa jina la mazuku. Hukaa mabondeni alfajiri, haina rangi, na huua mbuzi, mbwa, hata mtoto aliyelala chini.

Hadi hapa nimesema kana kwamba ardhi inafanya haya peke yake. Binadamu naye amejaribu, kwanza bila kukusudia. Karibu na Denver, Marekani, jeshi lilichimba kisima chenye kina cha zaidi ya kilomita tatu na nusu, na kuanzia 1962 likawa linasukumia huko maji machafu ya kiwanda cha silaha za kemikali. Mji ambao haukuwa na mazoea ya matetemeko ukaanza kutikisika. Mwanajiolojia David Evans alipanga kiasi cha maji kilichosukumwa kila mwezi kando ya idadi ya matetemeko ya mwezi huo, na michoro miwili ikafanana. Kazi ilisimamishwa 1966. Tetemeko kubwa kuliko yote likaja 1967, baada ya pampu kuzimwa, kwa sababu shinikizo lililokwisha kuingia lilikuwa bado linasafiri ndani ya nyufa. Baadaye, kwenye visima vya mafuta vya Rangely katika jimbo lilelile la Colorado, wanasayansi walipandisha na kushusha shinikizo la maji kwa makusudi, na matetemeko madogo yakawa yanakuja na kukoma kulingana nalo.

Afrika tuna Kariba. Bwawa lile la Mto Zambezi lilikamilika 1959, ziwa likajaa kufikia 1963, na Septemba ya mwaka huo yakapiga matetemeko yaliyofikia kipimo cha takriban 6. Uzito wa maji uliongezeka, na shinikizo likapenya chini.

Najua kuna msikilizaji kule Mbita anayejiuliza kuhusu Ziwa Victoria, maana 2020 lilipanda likafunika fuo, nyumba na mashamba. Mimi singekosa usingizi kwa hilo. Kariba iliongezewa maji yenye kina cha kukaribia mita mia moja kwenye ukuta wake ndani ya miaka michache. Ziwa letu lilipanda kwa zaidi kidogo ya mita moja, na limekuwa likipanda na kushuka kwa maelfu ya miaka. Kinachotuhusu zaidi ni mipasuko yenyewe inayotuzunguka. Tarehe 10 Septemba 2016 Kagera ilitikiswa na tetemeko la kipimo cha 5.9, nyumba za Bukoba zikaanguka na watu wasiopungua 17 wakafa. Tarehe 6 Januari 1928, Subukia, ardhi ilipasuka kwa urefu wa kilomita 38 kandokando ya miinuko ya Laikipia na Marmanet, upande mmoja ukashuka hadi mita 2.4. Lilikuwa la kipimo cha 6.9, kubwa kuliko yote yaliyopimwa Kenya. Mipasuko ya Nyanza ni midogo kuliko hiyo, lakini ni ya ukoo mmoja.

Homa Hills imo kwenye orodha ya maeneo ya Kenya yanayofikiriwa kwa umeme wa jotoardhi. Tumeshazoea kujivunia Olkaria, iliyoanza kutoa umeme 1981, na leo jotoardhi hutoa zaidi ya asilimia 40 ya umeme wa nchi. Siri ya Olkaria ni joto, kweli, lakini kisima cha joto bila nyufa hakina faida. Wachimbaji wake huelekeza visima kwenye mipasuko ili wapate mvuke unaotembea. Sidhani Homa itakuwa Olkaria ya pili. Volkano yake ni ya zamani zaidi kwa mbali, na moto uliobaki chini hauwezi kulingana. Hata hivyo maji ya moto yanaweza kukausha samaki na mahindi bila kuzungusha jenereta, na hilo lingewafaa watu wa Karachuonyo mapema kuliko waya wa umeme wa kwenda Nairobi.

Kabla ya hapo kuna kazi isiyohitaji mtambo. Chemchemi zilizo juu ya mipasuko hubadilika joto, wingi na ladha pale shinikizo la chini linapobadilika. Mwaka 1959, baada ya tetemeko la Hebgen Lake huko Marekani, mamia ya chemchemi za Yellowstone zilianza kurusha maji hewani, na nyingi hazikuwa na historia ya kufanya hivyo. Hakuna anayeweza kutabiri tetemeko kwa kutazama chemchemi, na anayedai hivyo anawadanganya. Lakini shule ya sekondari iliyo karibu na Bala ikiwa na kipimajoto, ndoo yenye alama na daftari, inaweza kuandika kila wiki joto la maji na muda ndoo inaochukua kujaa. Baada ya miaka kumi tungekuwa na habari za ufa wa Nyanza ambazo hakuna mtambo wa Nairobi ungeweza kutupa.

Na mwisho, kwa wale wanaochimba visima vya maji, kuanzia Suna hadi Ndhiwa. Mpimaji anapokuja na nyaya zake kutafuta mahali pa kuchimba, anatafuta nyufa zilezile tulizozungumza, kwa sababu katika miamba hii mizee maji hayapatikani kwingine. Akizipata, maji yatakuja. Lakini maji yaliyokaa muda mrefu kwenye mawe ya volkano, hasa upande wa Homa, mara nyingi huwa na floraidi, na Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi, meno ya watoto huwa kahawia, na ikizidi sana mifupa hudhoofika. Kuchemsha hakuitoi, kunaizidisha, maana maji hupungua na floraidi ikabaki. Kwa hiyo kisima kikishatoa maji, chupa moja ipelekwe maabara kabla ya sherehe ya kukizindua. Gharama ya kipimo hicho ni ndogo mno ukiilinganisha na gharama ya kuchimba, na matokeo yake yabandikwe pale pale kisimani, ili jirani anayepanga kuchimba mwaka ujao aweze kuyasoma.